Kutambua Wimbo kwa Kipande cha Maneno Yake: Funzo la Fasihi Simulizi kutoka Meru na Embu

Utangulizi

Katika matatu zinazotoka Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, abiria husikia nyimbo za Kiswahili, Kikuyu, Kimeru na Sheng katika safari moja. Si ajabu, basi, kuwakuta vijana wa eneo hili wakichezeana mchezo wa kutambua nyimbo: mmoja hutaja maneno machache bila kuyaimba, wenzake wakabuni ni wimbo upi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mchezo huo una mantiki ya kifasihi, na kwamba una mpaka ambao mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuutambua.

Kipande kama kitendawili

Kimuundo, mchezo huu unakaribiana na kitendawili. Mtegaji huficha, mteguaji hutafuta, na akishindwa hutoa mji. Utanzu huu si mgeni Mlima Kenya. Ciarunji Chesaina aliichunguza fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1997. Tofauti ni kwamba kitendawili hufumba kwa sitiari, ilhali kipande cha wimbo hufumba kwa kuondolewa lahani, ala na muktadha. Mtahiniwa wa karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE hukabiliwa na hali iyo hiyo anapopewa wimbo ulioandikwa na kutakiwa abainishe ni wa aina gani.

Vidokezo vya lugha

Kidokezo cha kwanza ni msamiati. Maneno kama “muhibu” na “nyonda” humwelekeza msikilizaji kwenye taarab ya pwani. Sheng nzito humpeleka Nairobi, kwenye genge ya miaka ya 2000 iliyovumishwa na wasanii kama Nonini na Jua Cali.

Kidokezo cha pili ni sarufi. Chukua neno “umenichoma”. Kiambishi u- chaweza kuwakilisha nafsi ya pili, yaani mpenzi anayelaumiwa. Chaweza pia kurejelea mwiba au moto katika ngeli ya U-I, au wivu katika ngeli ya U. Mbunaji anayerukia mapenzi mara moja amekwisha kufasiri kabla ya kuchanganua.

Kidokezo cha tatu ni matamshi, na hapa wanafunzi wa Mlima Kenya wana sababu ya kuwa waangalifu. Wazungumzaji wengi wa lugha za eneo hili hubadilishana /l/ na /r/ wanapozungumza Kiswahili. Aliyesikia “mahari” palipoimbwa “mahali” atautafuta wimbo wa posa, kumbe mwimbaji anataja tu pale walipokutana na mwenzake.

Kipande kimoja, nyimbo nyingi

Hata vidokezo vyote vikizingatiwa, kipande kimoja chaweza kuwa na majibu kadhaa. Usemi “hakuna matata” unahusishwa na wimbo Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms wa mwaka 1982, na wimbo wa kundi la Boney M. wa mwaka 1983. Tena ni jina la wimbo wa filamu The Lion King ya mwaka 1994. Mtegaji mwaminifu hakubali jibu moja na kukataa mengine. Hukiri kwamba kipande chake hakikutosha.

Mpaka wa mchezo

Mchezo huu hutegemea nyimbo zilizorekodiwa, ambazo maneno yake hayabadiliki. Nyimbo za kimapokeo za Wameru na Waembu haziko hivyo. Katika wimbo wa kazi, kiitikio hudumu, lakini fanani hubuni mishororo yake kulingana na shamba, watu na siku. Kiitikio hicho hicho chaweza kubeba mishororo tofauti kabisa msimu ujao. Wala nyingi za nyimbo hizi hazina jina mahususi. Hujulikana kwa shughuli zake: nyiso za jandoni, bembelezi za watoto, nyimbo za harusi.

Hatari iliyopo ni kwamba kijana aliyezoea kutambua rekodi ataanza kuhesabu kuwa wimbo usio na jina wala maneno thabiti si wimbo kamili. Ataurithi ubeti mmoja kutoka kwa nyanyake, aukose kwenye redio, kisha aupuuze. Nyanya akifariki, hakuna kaseti itakayomjibu.

Mapendekezo

Yapendekezwa kwamba mchezo huu utumiwe darasani kwa utaratibu ufuatao. Kwanza, mwanafunzi ataje aina ya wimbo kabla ya jina lake. Pili, ataje neno au kiambishi kilichomwongoza. Tatu, jibu lisilo na sababu lipewe alama chache kuliko kosa lenye hoja. Hatimaye, kila mwanafunzi alete kiitikio kimoja cha kwao, akiandika kiliimbwa na nani, wapi, katika shughuli gani, na hadhira iliitikia vipi. Fanani aombwe ruhusa kwanza, kwani baadhi ya nyiso zina masharti kuhusu nani anayefaa kuzisikia. Viitikio hivyo vikikusanywa pamoja na muktadha wake, darasa litakuwa limepata data ya utafiti, na wazee watakuwa wameulizwa wangali hai.