Mti Upi Uishi Jirani na Upi?

Ukimuuliza mtu kwa nini mche wake umekufa, atakutajia jua, mbuzi au mchwa. Ni nadra akutajie viumbe wasioonekana kwa macho waliomo ndani ya udongo wenyewe. Nami naona hao ndio aghalabu wanaoamua mti upi uishi jirani na upi.

Tuchukue Prunus serotina, mti wa jamii ya cheri wenye asili ya Amerika. Mwaka 2000, Alissa Packer na Keith Clay wa Chuo Kikuu cha Indiana waliandika katika jarida la Nature kuwa mbegu zake huota kwa wingi karibu na mti mama, lakini miche hiyo hufa upesi, ilhali iliyo mbali huokoka. Wengi tungesema ni kivuli. Wao walichukua udongo wa pale, wakaua vijidudu vyake, na miche mingi zaidi ikapona. Muuaji alikuwa Pythium, kijidudu mfano wa ukungu. Hivyo nafasi iliyo chini ya mama huachiwa miti ya aina nyingine. Mti huohuo ulipopelekwa Ulaya ulienea hadi ukawa kero; utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kuwa udongo wa kule haukuuzuia.

Je, kila udongo wa chini ya mama huua? La hasha. Mizizi ya miombo yetu huvikwa nyuzi za kuvu, ambazo huiletea fosforasi na maji, nayo miti huzilipa sukari. Uyoga mwingi unaookotwa miomboni wakati wa mvua hutokana na ushirika huo (ule wa vichuguuni ni wa mchwa). Mche unaoota karibu na mkubwa wake hukuta nyuzi ziko tayari. Misonobari nayo ni hivyohivyo: ilipoletwa Afrika, miche ilidumaa mahali pengi mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu wake.

Ndiyo maana nina shaka na mtindo wetu wa kufyeka miombo, kulima tumbaku miaka kadhaa, kisha kurudisha miche na kujisifu kwa idadi iliyopandwa. Kuvu wasio na mzizi wa kuwalisha hupungua. Anayeotesha myombo na achanganye katika viriba vyake udongo kidogo kutoka chini ya myombo mkubwa ungali umesimama.