Mswada Dhidi ya Mswada: Usahihishaji wa Sheria katika Majimbo ya Marekani na Funzo Lake kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Neno mswada lina maana mbili katika Kiswahili. Kwa mwanafasihi, ni matini ya mtunzi kabla ya kuchapishwa. Kwa mbunge, ni pendekezo la sheria kabla ya kupitishwa. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake unahusiana na weusi, yaani wino uliotiwa kwenye karatasi. Kwamba neno moja limetosha kazi zote mbili si jambo la kushangaza. Sheria, kama utenzi, ni matini: huandikwa, hunakiliwa, hukosewa na huhaririwa.

Makala hii inanuia kuchunguza namna mabunge ya majimbo ya Marekani yanavyosahihisha na kuoanisha sheria zinazokinzana. Hoja yetu ni kwamba swali zito katika kazi hiyo si wapi kosa lilipo, bali ni nani mwenye idhini ya kulisahihisha na kwa lugha ipi. Swali hilo linatuhusu moja kwa moja sisi wanafunzi wa Kiswahili.

2.0 Chanzo cha Ukinzani

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake linalotunga sheria. Ukinzani hauzuki kwa sababu ya uzembe tu. Bunge la Texas, mathalani, hukutana katika kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili, kwa muda usiozidi siku 140. Katika muda huo mfupi huwasilishwa maelfu ya miswada. Aghalabu wabunge wawili hurekebisha kifungu kilekile, kila mmoja akifuata lengo lake. Hutokea pia sheria mbili zikaongeza kifungu kipya chenye nambari ileile, nazo zote mbili zikawa halali.

Isitoshe, katiba za majimbo kama California na Texas zinataka kifungu kinachorekebishwa kiandikwe upya chote, si maneno yanayobadilishwa pekee. Shabaha ni njema: msomaji aone sheria nzima mahali pamoja. Hata hivyo, sharti hili huzaa tatizo la kimatini. Tuchukue mfano wa kubuni. Kifungu kinasema kwamba mwenye mashua asiye na leseni atatozwa faini ya dola 100. Mswada wa kwanza unapandisha faini iwe dola 500, lakini unaacha neno "mashua" lilivyo. Mswada wa pili unabadilisha "mashua" kuwa "chombo chochote cha majini", lakini unarudia faini ya dola 100. Yote miwili imepita. Je, faini ni kiasi gani?

3.0 Njia Mbili za Kuoanisha

California na Texas zinajibu swali hilo kwa njia zinazotofautiana sana.

Huko California, sheria iliyotungwa mwisho katika kikao kilekile huchukuliwa kuwa ndiyo inayotawala, isipokuwa yenyewe iwe imesema vingine. Yenye nambari kubwa ya sura ndiyo huhesabiwa kuwa ya mwisho. Kwa hiyo, katika mfano wetu, mswada wa pili ukipewa nambari kubwa, faini mpya ya dola 500 itafutika, ingawa hakuna mbunge aliyepiga kura kuifuta. Ili kuepuka hasara hiyo, wanasheria wa bunge hufuatilia miswada inayogusa kifungu kimoja na kuiunganisha mapema. Ndani ya mswada huwekwa toleo la ziada la kifungu, lenye mabadiliko ya pande zote mbili, pamoja na sharti: toleo hilo litumike iwapo tu miswada yote miwili itapitishwa na huu ukawa wa mwisho. Tiba hutangulia ugonjwa.

Texas imechagua njia nyingine. Sheria yake ya ufasiri inaagiza kwamba marekebisho yaliyofanywa katika kikao kimoja bila kurejeleana yaoanishwe kadiri iwezekanavyo, ili kila moja lipate nguvu yake. Inaeleza vilevile kwamba maneno yaliyorudiwa kwa sababu tu katiba inataka yarudiwe hayahesabiwi kuwa yanapingana na mabadiliko ya mswada mwingine. Hivyo basi, mswada wa pili katika mfano wetu haukusema lolote kuhusu faini, uliinakili tu. Jibu la Texas lingekuwa chombo chochote cha majini, faini dola 500. Pale ambapo marekebisho hayapatani kabisa ndipo lile la mwisho hutawala, na siku inayozingatiwa ni ya kura ya mwisho bungeni.

Mwanaisimu ataitambua tofauti hii mara moja. California inayapa maneno yote ya matini uzito sawa, yawe mapya au yamenakiliwa. Texas inatofautisha usemi na mwangwi: aliyerudia maneno hajatoa kauli mpya.

4.0 Mipaka ya Msahihishaji

Makosa mengine ni madogo: tahajia, nambari iliyorukwa, rejeleo la kifungu kilichokwisha kufutwa. Majimbo mengi yana ofisi maalumu kwa kazi hii. Minnesota ina ofisi ya msahihishaji wa sheria, ambayo inaruhusiwa kupanga nambari upya na kuondoa makosa ya wazi ya uandishi, lakini inakatazwa kubadilisha maana au athari ya sheria. Florida nayo hutumia miswada ya msahihishaji, inayoondoa vifungu vilivyopitwa na wakati na kurekebisha sarufi, kisha hupelekwa bungeni kupigiwa kura. Kwa ufupi, mhariri hupendekeza na mwenye matini huidhinisha.

Mfano wa jimbo la Washington unafaa kutajwa. Mwaka 2013 jimbo hilo lilikamilisha kazi ya miaka kadhaa ya kuondoa katika sheria zake maneno ya Kiingereza yaliyobeba jinsia ya kiume, likiwemo neno la mvuvi. Ingawa haki na wajibu havikukusudiwa kubadilika, kazi hiyo ilihitaji sheria zilizopitishwa na bunge. Kiswahili kisingehitaji marekebisho hayo, kwani mvuvi ni mvuvi, awe mwanamume au mwanamke. Kumbe makosa mengine si ya mtunga sheria bali ni ya lugha aliyoitumia.

5.0 Funzo kwa Kiswahili

Hapa ndipo suala linapofika nyumbani. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, Ibara ya 259 inasema kwamba matoleo ya Katiba ya lugha mbalimbali yakikinzana, toleo la Kiingereza ndilo litakalotawala.

Tuyatazame maneno hayo kwa jicho la mhariri. Katika California na Texas, matini mbili zinazokinzana huingia ulingoni zikiwa na hadhi sawa, kisha kanuni huamua. Kwetu, toleo la Kiswahili huingia likiwa limekwisha shindwa. Linaweza kusahihishwa, lakini haliwezi kusahihisha. Hata pale ambapo tafsiri imefichua utata uliojificha katika Kiingereza, haina sauti ya kuutatua.

Hali hii si ya lazima. Nchini Canada, matoleo ya Kiingereza na Kifaransa ya sheria za bunge la taifa yana nguvu sawa, na hakimu huyasoma yote mawili ili kupata maana. Tanzania nayo, mwaka 2021, ilirekebisha sheria yake ya tafsiri ya sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kuoanisha sheria ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya siasa. Anayeamua kama neno lililorudiwa ni kauli au ni mwangwi anafanya kazi ya semantiki. Tunapendekeza, kwa hiyo, idara za Kiswahili zifundishe uandishi na uhariri wa sheria sambamba na uhariri wa fasihi. Tunapendekeza pia miswada iandikwe kwa lugha zote mbili tangu mwanzo, badala ya Kiswahili kungojea tafsiri. Lugha inayoitwa baada ya wino kukauka haitungi sheria. Inasimulia tu sheria iliyotungwa na nyingine.