Galvanometa ya tanjenti: pima kwanza pale uliposimama

Kwenye maabara ya fizikia ninakofanya kazi, kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni galvanometa ya tanjenti. Ni duara la mbao lililosimama wima, kipenyo chake sentimita 15, limezungushiwa waya wa shaba mara 50, na katikati limekaa dira ndogo. Mfaransa Claude Pouillet alieleza kifaa cha aina hii mwaka 1837. Dunia huivuta sindano kuelekea kaskazini. Koili ikipata umeme huivuta pembeni. Tanjenti ya pembe ambayo sindano imegeuka ni nguvu ya koili ikigawanywa kwa nguvu ya dunia. Ikifika nyuzi 45, wawili hao wametoshana.

Hivi ndivyo ninavyokiandaa.

1. Safisha mazingira. Ondoa simu, funguo, spika na transfoma. Tumia meza ya mbao, na uiname uchungulie chini yake: fremu ya chuma haionekani ukiwa umesimama.

2. Sawazisha. Weka pimamaji, zungusha skrubu za miguu hadi sindano izunguke bila kukwaruza.

3. Elekeza. Kabla ya kuwasha umeme, geuza koili mpaka bapa lake liwe sambamba na sindano. Kisha zungusha kisanduku cha dira hadi kionyeshi cha alumini kilichoshikamana na sindano kikae kwenye sifuri.

4. Soma mara nne. Chini ya kionyeshi kuna kioo. Fumba jicho moja, sogeza kichwa mpaka kionyeshi kifunike taswira yake kiooni, ndipo usome. Soma ncha zote mbili, geuza mkondo, soma tena, tafuta wastani. Pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi mbili, rudi hatua ya tatu.

5. Kaa kati ya nyuzi 30 na 60. Ukikosea uzi mmoja kwenye 45, mkondo unakosewa kwa asilimia 3.5 hivi; kwenye 80, kosa linapita asilimia 10.

Mara ya kwanza nilifuata yote hayo. Sindano ilitulia kwenye 45, kulia na kushoto. Ampmita ilisoma miliampea 66. Hesabu yangu kutokana na pembe hiyo ikatoa 43. Nilikagua nyaya, nikabadilisha betri, nikahesabu upya mizunguko ya waya. Kumbe kosa lilikuwa kwenye kitabu: kilichapishwa Uingereza, na nguvu ya mlalo ya sumaku ya dunia niliyoinakili humo ilikuwa mikrotesla 18. Kule mistari ya sumaku huzama ardhini kwa mwinamo mkali, hivyo sehemu inayolala mlalo ni ndogo. Kwetu, karibu na ikweta, mistari hiyo hulala zaidi. Nilipoirudia hesabu kinyumenyume kwa kutumia ampmita, nilipata karibu mikrotesla 28 pale pale mezani.

Tangu siku hiyo kila kundi la wanafunzi huanza na kazi hiyo: kuutafuta uga wa sumaku ya dunia kwenye meza yao wenyewe, na kuuandika kwa penseli ukurasa wa kwanza wa daftari. Ndipo ninawaruhusu kupima mkondo wowote. Na wakimaliza, wainue sindano kutoka kwenye ncha yake kabla ya kubeba kifaa. Ncha ikishabutuka, galvanometa hiyo haitasema kweli tena.