Neno 'Bure' katika Sajili ya Biashara: Mfano wa Kinywaji cha Slurpee

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili huisoma sajili ya biashara kwa ajili ya swali la isimujamii mtihanini, kisha wakaisahau. Makala haya yanashikilia kuwa tangazo la biashara ni matini inayostahili uchambuzi makini kama shairi, kwani humgusa msomaji mfukoni. Mfano wetu ni maduka ya 7-Eleven ya Marekani, ambayo mwaka 2002 yalianza desturi ya kugawa bure Slurpee, kinywaji kitamu cha chembechembe za barafu, kila tarehe 11 Julai.

Jina

Kampuni hii ilianza mjini Dallas mwaka 1927, ikiuza barafu. Mwaka 1946 ilijiita 7-Eleven kwa kuwa maduka yake yalifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa tano usiku. Kwa hesabu ya Waswahili, yangeitwa Moja-Tano. Leo mengi ya maduka hayo hayafungwi kamwe. Jina limebaki, maana yake ya awali imetoweka. Nalo jina Slurpee, lililobuniwa miaka ya 1960, linaiga sauti ya mtu anayefyonza kinywaji kwa mrija. Ni tanakali sauti iliyogeuzwa nomino, kama ilivyo pikipiki kwetu. Mteja hukisikia kinywaji kabla hajakionja.

Tarehe

Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku. Kwa hivyo, 11 Julai huwa 7/11, sawa na jina la duka. Nchini Australia, ambako siku hutangulia mwezi kama hapa Kenya, maduka ya jina hilo yamegawa kinywaji hicho tarehe 7 Novemba. Ishara ni moja, jamii ni mbili, na sikukuu zimeachana kwa takriban miezi minne. Hapa tunaona wazi kuwa ishara haina maana nje ya muktadha wa watumiaji wake.

Bure

Katika Kiswahili, 'bure' ni bila malipo. Pia ni bila sababu, bila faida, au kisicho na thamani. Tangazo huteua maana ya kwanza na kuzificha nyingine. Hata hiyo ya kwanza yahitaji kuhojiwa. Anayefuata kikombe cha bure hupita mbele ya rafu za vitu vinavyouzwa. Mwaka 2020, kwa sababu ya janga la Uviko-19, siku yenyewe ilifutwa, na badala yake wanachama wa programu ya simu ya kampuni wakapewa kuponi. Asiyetoa pesa, basi, alitoa taarifa zake. Wahenga walikwisha kutuonya: mkono mtupu haulambwi.

Hitimisho

Nasi Wakenya twajua vyema tangazo la 'nunua viwili upate kimoja bure'. Mwanafunzi anapokutana nalo, na ajiulize: neno limeteuliwa kwa maana ipi? Ni maana ipi iliyofichwa? Nani analipa, na kwa nini? Mwalimu anayeyauliza maswali haya darasani atakuwa amefundisha semantiki, pragmatiki na isimujamii kwa pamoja, na atakuwa amemwandaa mwanafunzi kwa maisha baada ya mtihani. Ukiona vyaelea, vimeundwa.