Kuchagua Tupa za Kusafishia Vipande Vidogo vya Kusubu
Mwongozo kwa mafundi wa Chimala na maeneo ya jirani

1. Kazi inayohusika

Mwongozo huu unawahusu mafundi wanaosafisha kwa mkono vipande vidogo vya alumini, shaba au chuma cha kusubu: vishikio vya sufuria, bushi za pampu, vifuniko vya injini za pawatila, nembo na sanamu ndogo. Kipande kikitoka kwenye kalibu ya mchanga huwa na vitu vitatu vya kuondoa: kisiki kilichobaki pale metali ilipomiminwa, ukingo mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na ngozi ngumu iliyoshika chembe za mchanga. Grenda ina kasi, lakini kwenye kipande cha ukubwa wa kidole gumba hula umbo kabla fundi hajawahi kuinua mkono. Kazi hiyo ni ya tupa.

2. Namna ya kuchagua

2.1 Anza na metali. Alumini ni laini, na unga wake huganda katikati ya meno madogo, kisha hukwaruza kazi. Tumia kwanza tupa ya meno makubwa au ya kati. Ya meno laini iwe ya kumalizia tu. Shaba hutaka meno makali: tupa iliyokwisha kulainishwa na chuma huteleza juu yake bila kukata. Kwa hiyo tupa mpya ianze kazi kwenye shaba, na makali yakipungua ihamie kwenye chuma. Isirudi tena. Paka mipini rangi mbili tofauti ili hata mwanafunzi wa karakana asizichanganye.

2.2 Angalia mpangilio wa meno. Tupa yenye mistari inayokatizana huondoa metali nyingi kwa haraka. Yenye mistari ya upande mmoja huacha uso laini zaidi, na ndiyo inayofaa pia kunolea. Kumbuka kwamba kati ya tupa mbili za daraja moja la meno, ile ndefu ndiyo yenye meno makubwa zaidi. Urefu hupimwa bila mkia unaoingia kwenye mpini.

2.3 Linganisha umbo na sehemu. Bapa ni ya nyuso zilizonyooka na kingo za nje. Nusu duara ni ya mikunjo ya ndani. Duara ni ya matundu. Pembetatu, yenye pembe za nyuzi 60, ni ya kona zilizobana. Kwa mikunjo ya nguo au vidole vya sanamu, tumia seti ya tupa nyembamba za sindano.

2.4 Anayeanza anunue chache: bapa ya inchi 8 yenye meno ya kati, nusu duara ya inchi 6 yenye meno laini, na seti moja ya sindano.

3. Ukaguzi dukani

(a) Ishike mbele ya jicho na utazame urefu wake, isiwe imepinda.
(b) Igeuze kwenye mwanga. Ncha za meno zinazong'aa ni meno yaliyolika.
(c) Kataa yenye kutu, au iliyochanganywa na nyingine kwenye boksi bila kufungwa. Meno yakigongana huvunjika.

4. Matumizi

4.1 Sugua mchanga wote kwa brashi ya waya kabla ya kuanza. Ngozi ya kusubu ivunjwe kwa tupa kuukuu.
4.2 Bana kipande kwenye vaizi, ukiweka vibao au bati la alumini katikati ya taya ili zisikiachie alama.
4.3 Tupa hukata ikisukumwa mbele. Wakati wa kuirudisha, punguza uzito wa mkono.
4.4 Kwa alumini, paka chaki kwenye meno, na uyasafishe kwa brashi kila mara. Usipake oili.

5. Usalama na utunzaji

5.1 Usitumie tupa isiyo na mpini: mkia wake huchoma kiganja. Usiigonge wala usiitumie kubandulia kitu. Chuma chake ni kigumu lakini hukatika ghafla.
5.2 Vaa miwani. Usipulize unga kwa mdomo.
5.3 Risasi, hasa ya betri kuukuu, ni sumu. Isipigwe tupa nyumbani wala karibu na watoto. Futa unga wake kwa kitambaa kibichi, na unawe mikono kabla ya kula.
5.4 Msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, funga kila tupa peke yake kwenye kitambaa kikavu.
5.5 Tupa iliyokwisha makali iwekwe kando kwa ile kazi ya 4.1. Fundi mwenye kuukuu moja ya kuvunjia ngozi ya mchanga hudumu na mpya zake muda mrefu zaidi.