FIZIKE KWENYE KIWANJA CHA VOLEYI



Katika muchezo wetu wa mwisho hapa Katana tulishindwa, na wengi wetu tulimulaumu ndugu yetu mwenye kupandisha mupira. Tangu siku ile haji tena kwenye kiwanja. Basi tuangalie hesabu, tuone kosa ilikuwa ya nani.

Galileo alionyesha namna vitu vinavyoanguka. Darasani tunaandika: h = ½ g t². Tukihesabu g kuwa 10, tunapata h = 5 × t × t.

Wavu wa wanaume uko na metre 2,43, wa wanawake 2,24. Tuseme kijana anapiga smashi kwa urefu wa metre 2,70. Mwenzake amepandisha mupira mupaka metre 4,50. Mupira utashuka metre 1,80 mbele ya kufika kwa mukono wake. 1,80 = 5 × t × t, kwa hiyo t = sekonde 0,6.

Sasa yeye mwenyewe. Akiruka santimetre 45, anafika juu kabisa kwa sekonde 0,3, na anarudi chini kwa 0,3 ingine. Jumla 0,6.

Munaona? Akiruka wakati ule ule mupira unapoanza kushuka, miguu yake itagusa udongo wakati mupira unafika! Ndivyo tulivyofanya siku ile. Mupira ulipandishwa muzuri. Sisi wenye kupiga tuliruka mbio.

Dawa yake ni kungoja: 0,6 − 0,3 = sekonde 0,3 kisha mupira kugeuka. Na mwenye kuruka santimetre 20 tu? Anafika juu kwa sekonde 0,2, basi angoje 0,4. Asiseme «mimi siwezi». Akipandishiwa mupira wa juu, anapashwa kungoja zaidi kuliko wengine, ni hivyo tu.

ZOEZI: Simama karibu na ukuta, nyoosha mukono, weka alama ya chaki. Ruka, weka alama ya pili. Pima katikati ya alama kwa metre, gawanya kwa 5, tafuta kipeuo cha pili. Hiyo ndiyo sekonde yako. Uiandike kwa kaye yako.

Na mbele ya zoezi, wale tuliomulaumu yule ndugu twende tumuombe musamaha. Mimi nitakuwa wa kwanza, maana nilipiga kelele kupita wote.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita