Vyombo Kabla ya Mafuta
Somo juu ya akiba katika nyumba yenye watoto

Soma kwanza: 2 Wafalme 4:1–7.



Mjane huyu hatajwi jina. Twaambiwa tu ya kwamba mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu mcha Mungu, naye alikufa akaacha deni. Sasa mwenye kudai amekuja, wala hakuja kuchukua mbuzi au mtungi. Amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Ndipo yule mama akamlilia Elisha. Wengi wetu tunapoisoma habari hii twakimbilia muujiza wa mafuta. Mwezi huu nawaomba tukae kidogo katika yale yaliyoutangulia muujiza.

Nabii hakuanza kwa kumpa fedha. Alimwuliza ana nini nyumbani. Kisha akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, tena visiwe vichache, na akamwagiza ajifungie ndani pamoja na wanawe. Wale watoto walikuwa wakimletea vyombo, naye akimimina. Chombo cha mwisho kilipojaa, mafuta yakakoma. Tazama basi: kiasi cha mafuta kilifuata hesabu ya vyombo, na vyombo vilikuwa vimekwisha kupangwa ndani ya nyumba kabla ya tone la kwanza.

Sisi twafanya kinyume. Twangoja fedha ije, halafu tuanze kufikiri pa kuiweka. Na fedha isiyo na mahali pake hujitafutia njia yenyewe.

Chukueni mfano wa hapa kwetu Muheza. Mkulima wa machungwa hupata fedha yake kubwa katika msimu wa katikati ya mwaka. Wengine huuza hata mapema zaidi, mnunuzi akikadiria machungwa yangali mtini. Shule hufunguliwa Januari. Kati ya msimu na Januari iko miezi kadhaa, na ndani ya miezi hiyo mna bati la kuezekea, mna simu mpya, mna harusi, mna misiba, mna Krismasi. Januari ikifika, mtoto amesimama na orodha ya shule mkononi, na fedha ya machungwa imekwisha zamani. Simcheki mkulima. Mimi nililipwa mshahara kila mwezi kwa miaka mingi, na Januari ilinikuta vile vile.

Twapenda kusema, "Januari ni mbaya." Lakini Januari haijapata kumjia mtu ghafula. Ugonjwa huja ghafula, nyumba huungua ghafula. Mtoto aliye Darasa la Saba mwaka huu twajua tangu alipoanza Darasa la Kwanza ni mwaka gani atatazamiwa kuingia Kidato cha Kwanza. Tena tangu Januari 2016 hatulipi ada katika shule za serikali hadi Kidato cha Nne, na tangu mwaka wa fedha wa 2022/23 hadi Kidato cha Sita. Huo ni mzigo mkubwa tuliotuliwa, wala tusiwe watu wasio na shukrani. Lakini neno "bure" limewalaza wengi usingizi. Ada imeondoka, miguu ya mtoto inaendelea kukua na viatu vinaendelea kubana.

Sasa tufanye hesabu kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aandike zile za dukani kwake. Nyumba ina watoto watatu: wawili wako shule ya msingi, na mmoja anaanza sekondari ya kutwa. Huyu wa sekondari anahitaji sare pea mbili Sh. 60,000, sweta Sh. 20,000, viatu Sh. 30,000, madaftari makubwa 12 Sh. 30,000 na mkoba Sh. 25,000. Jumla yake Sh. 165,000. Wale wa msingi, tuseme kila mmoja Sh. 60,000 kwa sare, viatu na madaftari, wawili Sh. 120,000. Ongeza Sh. 15,000 za mambo madogo ambayo hayaandikwi kwenye orodha lakini hayakosi kudaiwa. Jumla kuu ni Sh. 300,000.

Laki tatu kwa siku moja humtoa mtu jasho. Lakini ukianza mwezi wa Machi, hadi Desemba ni miezi 10, yaani Sh. 30,000 kwa mwezi, au Sh. 1,000 kwa siku. Mama anayeuza vitumbua akihesabu mauzo ya asubuhi atenge kwanza mtaji wa mchele na sukari wa kesho, maana akiula mtaji amekula vitumbua vya mwezi mzima. Kisha aondoe hiyo elfu moja, ndipo atumie kinachobaki. Asiyeweza elfu moja atenge mia tano. Atafika Januari akiwa na nusu, na nusu ya kukopa si sawa na nzima ya kukopa.

Maana tazama na upande wa pili wa ubao. Mtu asiyetenga hukopa zile laki tatu Januari, na siku hizi wakopeshaji ni wengi kila mtaa. Mikopo yao watu wameiita "kausha damu", na jina halikukosea. Tuseme riba ni Sh. 20,000 kwa kila laki kwa mwezi. Hiyo ni Sh. 60,000 kila mwezi, na deni lenyewe liko pale pale. Baada ya miezi mitano amekwisha kulipa laki tatu za riba, na laki tatu za mkopo bado anadaiwa. Alishindwa kutenga elfu thelathini kwa mwezi, sasa anatoa elfu sitini. Wako watumishi wanaoacha kadi ya benki mikononi mwa mkopeshaji kama rehani, mshahara ukiingia anautoa yeye. Mwenye kudai wa siku za Elisha alitaka watoto. Huyu wa leo huchukua madaftari yao, na chakula chao.

Niseme na la kwangu. Januari 1998 mtoto wetu wa kwanza alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Orodha ilitaka ada, godoro, shuka, ndoo, jembe na tranka. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimechangia harusi mbili, na moja nilikuwa mwenyekiti wa kamati. Niliahidi mbele ya watu, nikalipa mpaka senti ya mwisho, nami nikasifiwa. Basi mtoto akakaa nyumbani wiki tatu wenzake wakiwa darasani, mpaka nilipopata wa kunikopesha. Alikwenda, alimaliza, alifaulu, leo ana watoto wake. Lakini miaka mingi baadaye tulipokuwa tukizungumza mambo ya zamani aliniambia, wala hakusema kwa hasira, "Baba, wiki zile tatu nilikuwa nikiliangalia daftari lako la harusi pale mezani. Lilikuwa limepigwa mistari vizuri sana." Sikuwa na la kumjibu.

Daftari lile nimelifikiri mara nyingi. Lilikuwa na majina, ahadi, tarehe ya mwisho na kiasi kilichobaki. Tulikuwa na mtunza hazina. Tulikutana kila Jumapili baada ya ibada, na aliyechelewa tulimkumbusha bila haya. Kwa miezi minne watu wa kawaida kabisa, wengi wao hawana mshahara, tulikusanya fedha ambayo hakuna mmoja wetu aliyepata kuishika peke yake. Nani basi atasema Waswahili hatujui kuweka akiba? Twajua sana. Ila harusi ina kamati, na sare ya mtoto haina.

Kwa hiyo shauri langu ni jepesi: iundwe kamati nyumbani. Baba na mama wakae, daftari lipigwe mistari, kila mtoto awe na ukurasa wake na jumla yake chini. Hapa lazima niseme neno kwa akina baba wenzangu. Ziko nyumba ambazo mke hajui mumewe anapata kiasi gani, na mume hajui mkewe anacheza upatu wapi. Kila mmoja ana chombo chake alichokificha, na mtoto hana hata kimoja. Yule mjane alifunga mlango, lakini alifunga wote wakiwa ndani.

Na watoto waitwe. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuandika bei za viatu katika maduka mawili na kutuambia tofauti. Ninyi mliofundisha mnajua ya kwamba hesabu za namna hiyo hazisahauliki. Tena mtoto aliyeandika bei kwa mkono wake haombi viatu kama yule asiyejua vinatoka wapi.

Chombo chenyewe kiwe kipi? Kibubu cha mbao ni chema kwa kuanzia, hasa kwa watoto, lakini kisikae miaka. Bei hupanda nacho hakipandi. Na mnakumbuka mwaka 2025 Benki Kuu ilivyotangaza kuziondoa noti za zamani: zilibadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili, na aliyekuwa amezisahau sandukuni akabaki na karatasi. Simu ni karibu sana na mkono, na mikopo yake midogo inamsubiri mtu humo humo. Anayeweza afungue akaunti ya benki au ajiunge na SACCOS, aulize kwanza makato.

Kwa wengi wetu kikundi cha hisa ndicho chombo kilicho karibu, hiki tunachokiita VICOBA. Mtindo huu ulianzia nchini Niger mwaka 1991 kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, ukaenea hadi kwetu. Nguvu yake ni ile ile ya kamati ya harusi: siku maalum, macho ya wenzako, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivi viandikishwe, basi msiwape fedha zenu watu wasio na katiba wala uandikishaji. Na mgawane mwishoni mwa Desemba, Krismasi ikiwa imekwisha kupita. Nawajua wenzangu, wakigawana tarehe 20 hakuna kitakachofika shuleni.

Mkulima naye ana chombo chake, mfugo. Auzaye machungwa na kununua mbuzi wawili wadogo anaweza kuwauza kabla ya sikukuu, bei ikiwa njema. Kuku pia wafaa, lakini kideri kikiingia akiba yote hulala chini kwa siku chache. Chanjo ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, nayo ni rahisi kuliko kuku mmoja.

Mtu mmoja aliniuliza: je, kutenga hivi si kukosa imani, maana Bwana alitukataza kuisumbukia kesho? Soma Mathayo 6 pole pole. Bwana anakataza masumbuko, na mwenye masumbuko hasa ni yule wa Januari asiyelala. Katika Luka 14:28 Bwana huyo huyo anamtaka mjenzi wa mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Yule tajiri wa Luka 12 hakuitwa mpumbavu kwa sababu alikuwa na ghala. Aliyajaza kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Sadaka na zaka ziwe na ukurasa wao katika daftari, wa kwanza. Michango ya harusi nayo iwe na ukurasa, wenye kikomo kilichoandikwa mwanzo wa mwaka. Kikomo kikifika, mwambie mwenye kadi waziwazi, "Ndugu yangu, mwaka huu nimefika mwisho." Najua ni vigumu kusema. Mimi nilijifunza kusema nikiwa mtu mzima kabisa, na rafiki mmoja alininunia karibu mwaka mzima.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika jumuiya:

1. Kwa nini Elisha alimwuliza mjane ana nini nyumbani kabla ya kumsaidia? Wewe una nini ambacho hujakihesabu?

2. Baada ya kuuza mafuta, mjane aliambiwa afanye jambo gani kwanza, na lipi likafuata? Linganisha na utaratibu wa nyumba yako siku ya mshahara au ya mauzo.

3. Hesabu michango yote ya sherehe uliyotoa mwaka jana. Iandike kando ya jumla ya mahitaji ya shule ya watoto wako. Wenye ndoa waifanye kazi hii pamoja, si kila mtu peke yake.

4. Mtoto yatima au wa nyumba isiyo na kitu katika mtaa wetu, ukurasa wake uko katika daftari la nani?

Yusufu alitenga sehemu ya tano katika miaka ya shibe (Mwanzo 41:34). Mwezi ujao tutaisoma habari hiyo, kila mmoja aje na daftari lililokwisha kupigwa mistari na penseli.